Kinachoiweka Meli ya Kitalii Wima Kiko Ngamani

Kabla manowari ya Vasa haijang'oa nanga Stockholm mwaka 1628, mabaharia 30 walipangwa sitahani wakaamriwa wakimbie kwa pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Meli ikaanza kulala. Walipokwenda na kurudi mara ya tatu, jaribio likasimamishwa kwa hofu kwamba chombo kingepinduka palepale kilipofungwa. Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana: meli ilikuwa nzito juu, nyepesi chini. Lakini mfalme Gustav II Adolf wa Sweden alikuwa anaisubiri vitani, na tarehe 10 Agosti ikatoka. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukaiinamisha, maji yakaingilia madirisha ya mizinga ya chini, ikazama mbele ya macho ya watu waliokuja kuiaga.

Karibu miaka 400 baadaye swali bado ni lilelile, ila sasa linaulizwa kwenye simu, chini ya picha za meli za kitalii zenye ghorofa zilizopandana kama mtaa mzima: dude hili halipinduki vipi? Wengi wanaouliza wanaangalia kimo. Mimi nadhani macho yashuke chini hadi ngamani, tumboni kabisa mwa meli, kwenye matangi, kwenye injini na kwenye daftari la uzito. Huko ndiko meli husimama au kuanguka, na huko ndiko mafuta yanakoungua. Mambo hayo mawili, usimamaji na mafuta, huandikwa kana kwamba hayajuani. Ukweli ni kwamba ni jambo moja.

Tuichukue Icon of the Seas, iliyoundwa Turku nchini Finland na kuanza safari zake kutoka Miami Januari 2024. Ina urefu wa mita 365, sitaha 20, nafasi ya abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Chini ya maji inazama mita 9 na kidogo tu. Zile tani 248,663 ambazo magazeti huziandika kama uzito wake si uzito hata kidogo. Ni kipimo cha ujazo wa ndani, cha nafasi iliyofungwa kwa kuta na paa. Nalitaja hili kwa sababu mtu akidhani ghorofa zile zina uzito unaolingana na ukubwa wake, hawezi kuelewa kwa nini meli inasimama. Sehemu kubwa ya kile kinachoonekana juu ya maji ni hewa iliyozungushiwa mabati membamba na vyumba vyepesi vilivyotengenezwa kiwandani na kusukumwa mahali pake vikiwa vimekamilika. Uzito wenyewe, yaani injini, jenereta, chuma kinene, mafuta na maji, umekaa chini.

Hata hivyo uzito wa chini peke yake hautoshi kueleza. Meli ikiinama, umbo la sehemu iliyo majini hubadilika. Upande uliolala unazama zaidi, na ile nguvu ya maji inayosukuma juu inahamia upande huo. Kitovu cha uzito kinabaki palepale, mradi hakuna kitu kilichoteleza. Sasa nguvu moja inavuta chini mahali hapa, nyingine inasukuma juu mahali pale, na mvutano wa hizo mbili ndio unaoirudisha meli wima. Mfaransa Pierre Bouguer aliiandika hesabu yake mwaka 1746. Alionyesha kwamba kuna nukta moja, metasenta, ambayo ndiyo mpaka: kitovu cha uzito kikiwa chini yake, meli inarudi, kikipanda juu yake, meli inapinduka moja kwa moja.

Kinachoamua metasenta iko juu kiasi gani ni upana kuliko kitu kingine chochote. Fanya hesabu ya sanduku lenye upana wa mita 48 linalozama mita 9, vipimo vinavyokaribiana na vya Icon. Unazidisha upana kwa upana, unagawanya kwa mara 12 ya kina, unapata mita 21 na kidogo. Ongeza nusu ya kina, mita 4.5, na metasenta inakaa karibu mita 26 juu ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa meli, yaani kama mita 17 juu ya uso wa bahari. Meli halisi si sanduku na hesabu yake hutofautiana, lakini picha ndiyo hiyo: kitovu cha uzito cha meli ya namna hii kinaweza kuwa mita kadhaa juu ya maji na meli ikabaki imara. Upana ukipungua nusu, ile 21 inashuka hadi 5. Waliochonga ngalawa za pwani yetu walilijua jambo hili kwa mikono. Mti mmoja uliochongwa ni mwembamba mno kubeba tanga, basi wakaupa matengo huku na huku, na chombo kikapata upana bila kupata uzito.

Ndiyo sababu meli za kitalii zimezidi kupanuka. Kwa miaka mingi wajenzi walibanwa na malango ya zamani ya mfereji wa Panama, ambayo hayakupitisha meli yenye upana unaozidi mita 32. Walipokubali kuachana na kizuizi hicho, ghorofa ziliongezeka kwa sababu msingi wake majini uliongezeka.

Hapo mtu atasema: basi wazidishe upana na uzito wa chini mpaka hofu iishe. Haiwi hivyo. Meli iliyo imara kupita kiasi inarudi wima kwa ghafla na kwa nguvu, inakwenda mrama kwa mikupuo mifupi inayowaangusha watu, kuvunja vyombo na kuilegeza mizigo. Meli yenye uimara wa wastani inalala polepole na kurudi polepole. Mbunifu wa meli ya abiria anatafuta mahali pembamba kati ya hatari mbili, na anajua kwamba akielemea upande wa starehe anapunguza akiba ya usalama. William Froude, mhandisi wa Kiingereza wa karne ya 19, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hili la mrama, na mabamba marefu yanayopachikwa kwenye kona za chini za meli ili kuupunguza yanatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Waitaliano nao, kwenye meli yao Conte di Savoia ya mwaka 1932, waliweka magurudumu matatu makubwa mno yanayozunguka kwa kasi ili kuituliza. Hayakuenea. Kilichoshinda ni mapezi: mabawa mawili au manne yanayochomoza chini ya maji kwenye mbavu za meli na kujigeuza kila sekunde, upande mmoja ukisukuma juu na mwingine ukikandamiza chini.

Mapezi yamefanya kazi nzuri sana, nayo yamezaa kosa kubwa la uelewa. Abiria anakunywa chai yake bila kumwagika na kuhesabu kwamba yuko salama. Mapezi hayazuii meli kupinduka. Yanapunguza mrama tu, tena meli ikiwa inakwenda, kwa kuwa nguvu yake inatokana na maji yanayopita juu na chini yake, na hupanda au kushuka kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukipungua nusu, pezi lina robo ya nguvu yake. Meli ikisimama, halina kitu. Yakiwa nje pia yanakokota maji, kwa hiyo kila saa ya utulivu ina mafuta yaliyoungua kwa ajili yake.

Tarehe 18 Julai 2006 meli ya kitalii Crown Princess ilikuwa imetoka Port Canaveral, Florida, bila dhoruba yoyote. Ofisa wa zamu alidhani mtambo wa kujiongoza unaigeuza meli kupita kiasi, akauzima, akashika usukani na kuuzungusha kwa mkono, upande usiofaa kisha upande wa pili. Meli ikalala nyuzi kama 24. Maji ya mabwawa ya kuogelea yalimwagika, meza na watu wakateleza, karibu watu 300 wakaumia. Meli ilirudi wima yenyewe, kama Bouguer alivyosema itarudi. Mahesabu hayakukosea. Mkono ndio uliokosea, kwa mwendo mkubwa, na hakuna pezi ambalo lingemwokoa mtu aliyekuwa amesimama karibu na ngazi.

Kanuni za kimataifa za leo zimeyachukua mambo haya kwa uzito. Wakokotoaji huhesabu abiria mmoja kuwa kilo 75, huwarundika wote ubavu mmoja kwenye karatasi, na meli hairuhusiwi kulala zaidi ya nyuzi 10. Hilo ni jaribio la Vasa lilelile, ila linafanyika kabla mtu hajapanda. Na meli mpya ikiwa karibu kukamilika, mafundi husogeza vyuma vya uzito unaojulikana kutoka upande mmoja hadi mwingine, wanapima kwa timazi imelala kiasi gani, na kutoka hapo wanapata kitovu halisi cha uzito badala ya kile cha michoro. Ni jaribio la siku moja. Sijaona kazi nyingine ya siku moja yenye thamani kama hiyo kwa roho za watu.

Adui mwenyewe wa meli kubwa ni maji yaliyo mahali yasipotakiwa. Tangi lililojaa kabisa ni uzito uliotulia. Tangi tupu halina neno. Tangi la nusu, lenye uso mpana, linakimbilia upande wowote ambao meli imelala, na kuuongezea ulalo uleule. Mwaka 1942 meli ya Kifaransa Normandie, moja ya meli nzuri kuliko zote za zama zake, ilishika moto ikiwa gatini New York. Wazima moto waliimiminia maji mengi kwenye sitaha za juu, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari ikapinduka ikiwa imefungwa kamba. Iliangushwa na maji ya kuiokoa.

Costa Concordia ilikuwa kisa cha maji ya chini. Januari 13, 2012, ikipita karibu mno na kisiwa cha Giglio, Italia, iligonga mwamba uliopasua ubavu wake kwa zaidi ya mita 50. Ilikuwa imeundwa kuhimili vyumba viwili vinavyopakana vikijaa maji. Mpasuko ule ulifungua zaidi ya hivyo, na vya injini vikiwa miongoni mwake. Giza likaingia, usukani ukafa, meli ikabaki mikononi mwa upepo, ambao kwa bahati uliirudisha ufukweni badala ya kuipeleka kwenye kina. Kati ya watu zaidi ya 4,200 waliokuwamo, 32 walikufa. Kina kingekuwa kirefu pale ilipolala, hesabu ya vifo ingekuwa nyingine kabisa.

Mabaharia wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami ndiko ninakotaka kurejea, kwa sababu ngamani ndiko mafuta na usimamaji vinakokutana.

Mafuta ya meli hukaa kwenye matangi ya chini, na kwa hiyo ni sehemu ya uzito unaoishikilia. Kila siku ya safari uzito huo unapungua. Maji ya kunywa na kuoga nayo yanahama: yanatoka tangini, yanapanda vyumbani, yanarudi kama maji machafu kwenye tangi jingine. Kitovu cha uzito kinapanda kidogo kidogo, na wahandisi wanakifuata kwa kujaza maji ya bahari kama farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, pale mafuta yalipotoka, tangi moja hadi jingine, wakiepuka kuacha mengi yakiwa nusu kwa wakati mmoja. Kompyuta ya upakiaji inawaonyesha hali ilivyo saa yoyote. Abiria hawaoni chochote cha kazi hii. Meli iliyotoka bandarini Jumapili si meli ileile inayorudi Jumapili ijayo, na kuiweka wima ni kazi ya watu wenye zamu, siku zote saba.

Kisha kuna umeme. Meli nyingi za kitalii za leo hazina injini iliyofungwa moja kwa moja kwenye rafadha, yaani pangaboi linaloisukuma meli. Zina jenereta kadhaa zinazofua umeme, na umeme huo ndio unaozungusha rafadha, kugeuza mapezi, kuvuta maji ya farumi, kupoza hewa, kuwasha majiko na kufua mashuka. Icon ina jenereta sita zenye jumla ya megawati 67.5. Kituo cha New Pangani, kinachotumia maji ya mto Pangani kule Tanga, kina megawati 68. Uwezo wa kituo kizima cha kufua umeme, kilichojengwa kuhudumia wilaya na viwanda, unaelea ndani ya chombo kimoja cha mapumziko.

Umeme huo ukikatika katikati ya dhoruba, kila nilichokieleza juu ya mapezi na usukani kinafutika. Tarehe 23 Machi 2019 Viking Sky ilikuwa inapita Hustadvika, ukanda wa pwani ya Norway wenye miamba na sifa mbaya, ikiwa na watu 1,373. Jenereta zilizokuwa zikifanya kazi zilizimika moja baada ya nyingine, meli ikaanza kusukumwa kuelekea mawe. Nanga zilishushwa, na ilifika umbali usiozidi sana urefu wake mwenyewe kutoka kwenye miamba kabla mafundi hawajarudisha nguvu kidogo. Helikopta ziliwavuta abiria zaidi ya 450 mmoja mmoja katika upepo ule.

Wachunguzi wa Norway walikuta nini? Oili. Kwenye sampu, matangi ya oili yaliyo chini ya injini, oili ilikuwa kati ya asilimia 28 na 40 ya ujazo, wakati mtengenezaji alitaka iwe kati ya 68 na 75. Meli iliposhika mrama, oili ikakimbilia upande mmoja, pampu zikavuta hewa, na mitambo ya ulinzi ikazizima injini ili zisiungue. Mrama ulizima injini, na injini zilipozimika mrama ukazidi. Hakuna mfano bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba usimamaji na injini ni kitu kimoja. Dereva yeyote wa lori kutoka Dar hadi Tunduma huchomoa kijiti cha oili asubuhi kabla ya kuwasha. Meli ya mamilioni ya dola ilipungukiwa na jambo hilohilo, na watu 1,373 wakaingia hatarini.

Bahari yetu pia imeshuhudia. Februari 27, 2012, wiki chache baada ya Concordia na kwa kampuni ileile, Costa Allegra ikitoka Madagascar kwenda Mahé ilipata moto kwenye chumba cha jenereta. Moto ulizimwa, lakini meli ikabaki bila nguvu ya kwenda, na watu zaidi ya 1,000 wakiwa katika joto la Bahari ya Hindi bila viyoyozi. Aliyeikokota hadi Shelisheli ni Trevignon, boti ya Kifaransa ya kuvulia jodari. Meli kubwa za abiria zilizoundwa kuanzia Julai 2010 zinatakiwa ziweze kurudi bandarini kwa nguvu zake hata chumba kimoja cha injini kikiungua, na sharti hilo ni zuri. Meli za zamani bado zipo nyingi baharini.

Sasa mafuta yenyewe. Nguvu ya kuisukuma meli hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo wake. Ukishuka kutoka noti 22, karibu kilomita 41 kwa saa, hadi noti 18, nguvu inayotakiwa inashuka hadi kama asilimia 55. Safari inachukua muda mrefu zaidi, lakini kwa umbali uleule mafuta ya kusukuma yanapungua kwa theluthi. Hakuna rangi ya chini ya meli, wala pua ya duara chini ya maji, wala mapovu ya hewa yanayopulizwa chini ya mkuku, vitakavyookoa kiasi hicho. Vyote vinasaidia, navikubali, lakini kampuni inayotangaza mapovu huku ikipanga ratiba ya kukimbia usiku kucha ili abiria waamke kisiwa kingine imechagua kuyachoma mafuta kwanza na kuyaokoa baadaye.

Tatizo la pili ni kwamba meli ya kitalii haiachi kula ikisimama. Viyoyozi, majiko, taa na pampu vinaendelea gatini. Chukua mfano wa meli inayochoma mafuta mazito, inayotumia wastani wa megawati 40 kwa saa 24, kwa gramu 190 za mafuta kwa kila kilowati-saa, kiwango cha kawaida kwa injini hizi. Unapata kama tani 182 kwa siku, na kwa kuwa kila tani ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya tani 3.1 za hewa ukaa, hiyo ni zaidi ya tani 560. Ukiwagawia watu 6,000, wafanyakazi wakiwamo, kila mmoja anaangukiwa na kilo 30 za mafuta, kama lita 35 za dizeli akizipima kwenye pampu ya mjini. Kila siku. Na mafundi wake si wazembe: joto la moshi na la maji ya kupoza injini hutumika kuchemsha maji ya bahari yawe ya kunywa na kupasha maji ya kuoga. Ni mtambo uliobanwa vizuri, unaofanya kazi ambayo nyingi yake haikuwa lazima.

Jibu la kampuni ni LNG, gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika. AIDAnova ilianza nayo mwaka 2018, Icon nayo inaitumia. Wasomaji wa Tanzania wanaijua LNG kupitia mradi wa Lindi ambao umezungumzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo tuna sababu ya kulisikiliza suala hili kwa makini. Gesi hii haina salfa ya kutajika na masizi yake ni kidogo, na hilo ni faraja ya kweli kwa mji wa bandari unaovuta moshi. Lakini gesi asilia ni methani, na katika injini za aina inayotumiwa na meli nyingi za kitalii sehemu yake hupita bila kuungua na kutoka na moshi. Methani hupasha dunia kwa zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika miaka 20 ya kwanza. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilichukulia kwamba asilimia 3.1 ya gesi huponyoka. Vipimo vya moshi wa meli halisi vilivyochapishwa mwaka 2024 vilipata wastani wa asilimia 6.4. Kwa kiwango hicho siwezi kuiita meli hiyo rafiki wa hali ya hewa, na naona ni kosa wanaposema hivyo kwenye matangazo. Kwa nishati ileile LNG pia inataka matangi makubwa karibu maradufu ya mafuta mazito, huku uzito wake ukiwa mdogo. Uzito mdogo ngamani, nafasi kubwa zaidi: mbunifu anarudishwa mezani kupiga upya hesabu ya Bouguer.

Ninachokitaka kwao ni rahisi kukitaja na kigumu kwa mapato yao: wapunguze mwendo, wachukue umeme wa nchi kavu wakiwa gatini kama bandari ya Juneau, Alaska, ilivyoanza mwaka 2001, na watangaze methani iliyopimwa kwenye bomba la moshi, meli kwa meli.

Lakini nisingeandika makala ndefu hivi kwa ajili ya watalii wa Miami peke yao. Hesabu niliyoieleza ndiyo iliyotuua sisi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na nchi kavu na watu 272 wakafa. Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa na nafasi ya abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, Ukara, watu wakiwa wanajiandaa kushuka, na miili 228 ikatolewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na ghorofa 20. Icon ina watu karibu mara 100 ya uwezo wa MV Nyerere na inasimama, kwa sababu kuna mtu aliyelipwa kuujua uzito wake na mwenye mamlaka ya kuizuia isitoke.

Kila baada ya msiba tunaambiwa abiria walizidi. Ni kweli, walizidi, na waliowapakia wana hatia. Ila kuhesabu vichwa ni nusu ya kazi. Idadi iliyoandikwa kwenye cheti inadhani watu wamekaa mahali fulani, mizigo imefungwa mahali fulani na matangi yana kiasi fulani. Meli ya ziwani yenye watu pungufu ya idadi inayoruhusiwa inaweza kuwa hatarini, kama wote wamepanda sitaha ya juu kutafuta upepo, ngama haina mizigo, matangi ya mafuta yamekaribia kukauka kwa kuwa safari ni ya kurudi, na magunia ya dagaa yamepangwa juu kwa sababu ndiko yatakakoshushwa kwa urahisi. Mkaguzi mwenye orodha ya tiketi mkononi ataipitisha. Timazi isingeipitisha.

Kwa hiyo naomba mambo haya kwa TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa meli Tanzania Bara, kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na kwa wenzao wa Kenya. Kila chombo cha abiria kilichoongezewa paa, viti au sitaha kifanyiwe upya lile jaribio la siku moja la kusogeza vyuma, kabla ya kurudi kazini. Ukutani penye lango la kupandia pabandikwe, kwa Kiswahili, idadi ya watu wanaoruhusiwa kila sitaha, siyo jumla peke yake, pamoja na kiwango cha chini cha mafuta na farumi ambacho chombo hakiruhusiwi kutoka kikiwa nacho pungufu. Nahodha anayekataa kuondoka kwa sababu ya uzito alindwe na sheria dhidi ya mwenye meli na dhidi ya mkubwa yeyote anayempigia simu. MV Mwanza imeundwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400 ziwani Victoria. Namba zake za usimamaji zipo, kwa kuwa hakuna meli ya ukubwa huo inayoundwa bila hizo. Zibandikwe kwenye magati ya Mwanza, Kemondo na Bukoba, msafiri azisome kabla hajapanda.